Asali ya Wageni Yapelekwa Chuo Kikuu

Nyumbani kwa Zablon na Recheli, siku huanza jikoni. Recheli huwasha moto na kubandika chai. Zablon naye hutafuta kandambili zake, ambazo kila asubuhi hupotea mahali pale pale, chini ya kitanda.

Wanaishi kijijini, wilaya ya Sikonge. Wana shamba la mahindi na karanga, na mbuzi wachache. Nyuma ya shamba wana msitu mdogo walioachiwa na baba yake Zablon. Mna miyombo mikubwa na mininga iliyonyooka. Juu ya miti hiyo Zablon ametundika mizinga ya nyuki. Watu wa Sikonge na asali hawahitaji kutambulishwa, wanafahamiana tangu enzi za mababu.

Lakini asubuhi moja chai haikubandikwa. Recheli alikuwa amesimama mbele ya ndoo ya asali, kaziba pua. Povu jeupe lilikuwa limepanda hadi ukingoni. Harufu yake ilikuwa ya pombe.

"Baba Benjamini," aliita. "Njoo uone. Na hii nayo imechacha."

Zablon alikuja, akatazama, akakaa kwenye kigoda. Ilikuwa ndoo ya mwisho ya mavuno yale. Nyingine zote zilichacha kabla yake. Mnunuzi kutoka mjini alikuwa amekwisha kuzionja, akatema mate, akapanda pikipiki yake na kuondoka bila hata kuaga vizuri. Mwaka uliopita ilikuwa hivyo hivyo.

Sasa hapo ndipo penye shida yenyewe. Jirani yao Tobias ni mkulima wa tumbaku. Tumbaku hukaushwa kwa moto, na moto unataka kuni nyingi. Tobias alikuwa ameumezea mate msitu wa Zablon kwa muda mrefu. Kila walipokutana njiani alimwuliza kama amekwisha kuamua kumwuzia miti. Zamani Zablon alikuwa akicheka tu. Siku hizi hakucheka tena.

"Nyuki wametushinda, mama," Zablon alisema siku ile. "Nitarina mara moja tu, kabla ya mvua. Asali ikichacha tena, nampa Tobias miti."

Recheli aliolewa katika nyumba ile akiwa binti mdogo, na msitu ule aliukuta. Aliokota uyoga humo. Alichimba dawa za watoto humo. Akajibu taratibu kwamba myombo hauoti kama mchicha, ukikatwa leo hata wajukuu hawatauona. Zablon alisema anajua. Kisha akainama kutafuta kandambili zake.

Juma lile simu ya Recheli iliita. Alikuwa wifi yake Mektilda, dada wa Zablon, ambaye anakaa Ipuli, Tabora mjini. Mektilda ni mtu wa habari. Lolote likitokea Tabora, analijua kabla halijamaliza kutokea. Baada ya salamu alisema chuo kikuu cha pale mjini kinafungua milango kwa watu wote kwa siku mbili. Kutakuwa na mihadhara na mafunzo ya vitendo. Kuna watakaofundishwa ufugaji wa kuku, wengine sheria za ardhi, wengine afya ya mama na mtoto. Na kuna chumba kizima cha asali.

"Hicho ni cha wasomi, wifi," Recheli alisema. "Mimi niliishia darasa la saba."

"Mimi sikufika hata hilo la saba," Mektilda alijibu, "na mwaka jana nilikaa mle ndani kutwa nzima nikifundishwa kutunza vitabu vya biashara ya maandazi. Hawaulizi cheti. Hawatozi kitu. Wanauliza jambo moja tu, umekuja na shida gani. Njoo, utalala kwangu."

Zablon aliposikia, aliguna. Alisema babu yake alirina asali bila kuingia darasani, na asali yake ilikuwa ikibebwa na wasafiri waliopita Unyanyembe kwenda pwani. Recheli hakubishana naye. Alisema tu kwamba asali ya babu haikuchacha na yao inachacha, kwa hiyo kuna kitu hawakukirithi. Mwisho Zablon akasema basi, nenda, ila usitie aibu.

Hilo neno la aibu ndilo lililoharibu safari, kama utakavyoona.

Maana katika nyumba ile, kama katika nyumba nyingi za huko, kuna asali ya wageni. Zablon akishusha masega kutoka mtini, kabla ya kitu kingine chochote Recheli huchagua masega mazuri kabisa. Huyakamua peke yake. Asali hiyo hutiwa katika chupa ya kioo yenye mfuniko unaobana, ikafichwa kabatini. Haiuzwi. Hata Zablon haigusi. Akija mchungaji, au mkwe, au mtu wa kutoka mbali, ndipo chupa hutoka.

Recheli alipofunga safari alijiuliza awapelekee nini watu wa chuo kikuu. Je, apeleke ile iliyochacha, inayonuka? Watu waliosoma hivyo? Alitingisha kichwa. Akachukua chupa ya wageni, akaifuta vumbi, akaifunga ndani ya khanga. Adabu yake ilimdanganya, naye akaifuata bila wasiwasi.

Alifika Tabora mchana, akalala kwa Mektilda. Asubuhi walifika wote mpaka kwenye lango la chuo. Hapo Mektilda akamwacha, maana maandazi hayajiuzi. Recheli alisimama. Lango lilikuwa kubwa. Vijana waliingia wakizungumza na kucheka, mabegi mgongoni. Mlinzi alikuwa kijana mdogo, rika la mwanawe wa mwisho. Lakini Recheli alikuwa amejawa na hofu kiasi kwamba alimwamkia, "Shikamoo."

Yule kijana alishtuka. "Hapana, mama. Shikamoo wewe," alisema, na wote wawili wakaona haya. Kisha akamwuliza kama amekuja kwa mafunzo ya wazi, akamwonyesha njia kwa mikono miwili kama anayempokea mzazi wake. Hakuuliza cheti. Recheli akapita. Alikuwa ndani ya chuo kikuu, kwa miguu yake mwenyewe, na moyo ulikuwa ukimdunda kama wa mwali.

Na hapo ndani, ndugu msomaji, palikuwa pamechangamka. Chini ya turubai moja watu walishika vifaranga. Chini ya jingine wazee walimzunguka mwanasheria kijana wakimwuliza habari za mipaka ya mashamba, wote kwa wakati mmoja. Wanafunzi walikimbia huku na huko wakibeba viti. Recheli alitamani aingie kila mahali. Ilibidi ajikumbushe kwamba alikuja kwa ajili ya asali.

Chumba cha asali kilijaa. Walikuwamo warina asali wa Sikonge, wafugaji wa Ziba walioanza nyuki juzijuzi, na watu wa Urambo na Ulyankulu. Mwalimu wao alikuwa mama mmoja mnene mwenye miwani, anaitwa Dakta Advera. Alianza kwa kusema kwamba siku hizo mbili chumba kile ni cha Kiswahili, na yeyote atakayeleta Kiingereza, akiwamo yeye mwenyewe, atakitafsiri hapo hapo mbele ya watu. Watu wakacheka. Recheli naye alicheka, na hofu ikapungua.

Kisha Dakta Advera akawaambia waweke mezani walichokuja nacho. Recheli alifungua khanga, akaweka chupa. Asali ile iling'aa mpaka jirani zake wakasogea kuitazama.

Dakta Advera alichukua kifaa kidogo kama darubini. Kinapima maji yaliyomo ndani ya asali. Unatia tone moja, unakielekeza kwenye mwanga, unachungulia. Alieleza kwamba kila asali ina maji kidogo. Yakiwa chini ya sehemu ishirini katika mia, asali inakaa miaka. Yakizidi hapo, inaanza kuchacha. Akachungulia tone la Recheli.

"Kumi na saba," alisema. "Hii ni asali safi sana, mama. Sina la kukufundisha. Una shida gani?"

Watu wakampigia makofi. Recheli akatabasamu, akasema hana shida, akakaa chini. Alipokwisha kukaa tu, akatambua alichokifanya. Amesafiri kutoka Sikonge. Ameacha karanga shambani. Amepewa makofi, na hajui lolote ambalo hakulijua alipoondoka nyumbani.

Baada yake aliitwa mtu mmoja wa Ulyankulu, jina lake Dismasi. Yeye hakuwa na chupa. Alikuwa na boksi la sabuni. Alilifungua, na ndani mlikuwa na nyuki wafu wamejaa.

"Mimi sina asali ya kuwaonyesha," Dismasi alisema. "Nina hawa. Wanakufa, na sijui kwa nini."

Recheli alidhani mtu huyu ataaibika. Lakini Dakta Advera aliivua miwani yake kwa furaha, akawaita wanafunzi wake wasogee, akasema hicho ndicho anachokitafuta tangu asubuhi. Maswali yakaanza. Majirani wanalima nini? Wananyunyizia dawa gani? Saa ngapi? Ikaonekana kwamba jirani hupulizia tumbaku asubuhi, wakati nyuki wako kwenye maua ya magugu ya pale pale shambani. Basi azungumze na jirani apulizie jioni, nyuki wakisharudi mizingani, na siku hiyo milango ya mizinga ielekee mbali na shamba. Dismasi alitoka na la kufanya. Recheli alitoka na makofi.

Wakati wa chai alijikaza, akamfuata Dakta Advera pembeni.

"Mwalimu, nimekudanganya," alisema. "Ile ni asali ya wageni. Asali yetu yenyewe iko nyumbani kwenye ndoo. Imechacha. Niliona haya kuwaletea uchafu watu wa chuo kikuu."

Dakta Advera hakucheka. Alimshika mkono.

"Mama, mtu akiumwa jino, haendi hospitali kuonyesha lile zima," alisema. "Chuo kikuu ni hivyo hivyo. Tuletee kilichokushinda. Kesho bado tupo."

Jioni ile, akiwa Ipuli, Recheli alimpigia mumewe. Alimwomba achote asali iliyochacha, aitie kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko, ampe kondakta wa basi la asubuhi. Zablon alikataa. Aliuliza kama mkewe ana akili timamu. Yaani jina la ukoo wake liende likanuke mbele ya wasomi wa Tabora? Wakabishana mpaka salio likaisha, na simu ikakatika Zablon akiwa bado anasema hapana. Recheli alilia kidogo. Mektilda akamwambia kaka yake ni mbishi tangu utotoni, akampa andazi.

Siku ya pili Recheli alikaa nyuma. Somo lilikuwa limefika katikati mlango ulipofunguliwa. Harufu ndiyo iliyoingia kwanza. Kisha akaingia Zablon. Alikuwa amevaa koti lake la ibada ya Jumapili, na mkononi amebeba ndoo ambayo mfuniko wake ulikuwa umevimba.

Watu wote waligeuka. Zablon aliwaamkia kwa sauti ya kanisani. Alisema yeye ni Baba Benjamini, mume wa Recheli, na anaomba radhi kwa kuchelewa, ila kondakta asingeaminika, angeitupa njiani. Hiyo haikuwa sababu ya kweli. Sababu ya kweli ni kwamba baada ya simu kukatika alikwenda kusimama msituni, akaitazama miti, akaona haya ya kukata miti ni kubwa kuliko haya ya kunuka. Lakini hilo alimwambia Recheli baadaye sana.

Recheli alitaka kuruka kwa furaha. Alijizuia, kwa sababu ya koti la mumewe.

Dakta Advera aliweka ndoo mezani, na kando yake akaweka chupa ya wageni. Akatia tone la ndoo katika kifaa. Ishirini na nne. Kisha akapiga meza kwa kiganja.

"Mnaona bahati tuliyonayo?" alisema. "Msitu mmoja. Mizinga ile ile. Mrina asali mmoja, mavuno ya siku moja. Hii nzima, hii imechacha. Mama Benjamini, hebu tuambie. Asali ya wageni unaichaguaje?"

Recheli alisimama. Hakuwahi kulifikiri jambo hilo, mikono yake ndiyo iliyokuwa ikilijua. Alisema huchukua masega yenye uso mweupe, yale ambayo nyuki wameyaziba kwa nta. Yenye vitundu wazi huyaacha.

"Kwa nini unayaacha?"

"Asali yake ni nyepesi. Inachuruzika. Mgeni hapewi asali nyepesi."

"Na mnunuzi?"

Recheli aliitazama ile ndoo. Halafu mtu mmoja wa Ziba akaanza kucheka, na kicheko kikaenea mpaka kwa Zablon.

Dakta Advera akaeleza taratibu. Nyuki akileta utomvu wa maua, una maji mengi. Anaupepea kwa mabawa mpaka maji yapungue. Asali ikiiva, ndipo anaziba kitundu kwa nta. Kwa hiyo sega lililozibwa ni nyuki anakuambia, chukua, tayari. Sega lililo wazi anakuambia, ngoja. Ukichanganya ya wazi na iliyozibwa, ile mbichi inaiharibu iliyoiva.

Akamgeukia Zablon, akamwuliza anarinaje. Zablon alikiri kwamba hukata masega yote kwa pamoja na kuyatupa katika ndoo moja. Anafanya haraka kwa sababu ya nyegere. Nyegere akiuwahi mzinga, hakuachii kitu. Dakta Advera akamwambia wengi hufanya hivyo kwa hofu hiyo hiyo. Dawa ya nyegere ni kuutundika mzinga kwa waya, uning'inie mbali na shina asiweze kuufikia. Baada ya hapo hakuna wa kumkimbiza mtu.

"Na ndoo mnafunika na nini?"

Hapo Recheli alijibu haraka, maana alikuwa na hakika nalo. Hufunika kwa kitambaa, ili asali ipumue, kama alivyofundishwa na mama mkwe. Na ndoo hukaa jikoni, kando ya mtungi wa maji, penye ubaridi.

Dakta Advera akatikisa kichwa. Asali haipumui, alisema, asali inakunywa. Ikiachwa wazi inavuta maji ya hewani. Na jikoni kuna mvuke wa ugali, na mtungi unatoa unyevu kutwa. Chupa ya wageni haikupata taabu hiyo kwa kuwa mfuniko wake unabana na inakaa kabatini. Mama mkwe hakukosea kuwa na adabu kwa asali. Ila kitambaa hakizuii hewa.

Mwishoni Zablon aliuliza asali inayochacha kwa ndani inajulikanaje mapema, kabla ya povu. Dakta Advera alimwambia aweke sikio kwenye ndoo. Asali inayochacha haitulii, inatoa sauti ndogo kama soda iliyofunguliwa. Asali nzima haisemi kitu.

Walirudi Sikonge pamoja. Njia nzima Zablon alizungumza, yeye ambaye huwa hazungumzi. Alitaka waya. Alitaka ndoo mpya nyeupe za chakula zenye mifuniko inayobana. Alitaka kujua mafunzo yajayo ni lini. Recheli alikaa kando yake akimsikiliza, akiwa na furaha ya mtu aliyeshinda vita bila kumpiga mtu.

Mavuno ya kabla ya mvua yalipofika, walirina kwa subira. Mizinga ilikuwa imetundikwa kwa waya. Zablon alikata masega yaliyozibwa tu. Yaliyo wazi aliwaachia nyuki. Recheli aliyachagua tena nyumbani, sega moja moja, kisha akachuja asali kwa kitambaa safi na kuifunga kabisa. Ndoo ziliwekwa chumbani, juu ya mbao, mbali na jiko na mtungi. Zilikuwa chache kuliko zamani, na hilo lilimtia Zablon wasiwasi.

Kisha wakangoja. Kungoja huko kulikuwa kugumu kuliko kazi yenyewe. Tobias alikwisha kunoa mashoka. Alipita kila mara, akisema anasalimia tu, macho yake yakiwa msituni. Zablon alimwambia atampa jibu siku ile ambayo, kwa mavuno ya nyuma, ndoo zilikuwa zimekwisha kuanza kupanda povu.

Siku hiyo ikafika, na Tobias akafika mapema kuliko jua la adhuhuri. Zablon alimwacha uani, akaingia chumbani. Recheli alikuwa jikoni na mwiko mkononi, hawezi hata kusonga ugali. Alimsikia mumewe akipiga magoti sakafuni. Zablon aliweka sikio kwenye ndoo ya kwanza. Akaweka kwenye ya pili. Akaenda mpaka ya mwisho. Kisha akafungua mifuniko, akanusa, akaonja.

Alitoka uani, asali ikiwa bado kwenye masharubu yake.

"Tobias, ndugu yangu," alisema. "Panda miti yako ya kuni. Nitakusaidia kuchimba mashimo. Hii yangu sikati."

Recheli aliyasikia maneno hayo akiwa jikoni. Akapiga vigelegele, peke yake, mwiko ukiwa juu, mpaka kuku wakakimbia. Majirani walitoka mashambani wakaja mbio. Waliuliza nani anaolewa.

"Hakuna harusi," Zablon aliwajibu. "Asali imenyamaza."